Mwanafunzi Gaju

Zamani ofisi ya centre, kijiji kikubwa cha chini ya vilima, ilikuwa na milango mitatu, na kila mlango ulikuwa na namna yake ya kukufukuza. Wa kwanza, wa état civil, yaani vyeti vya watu, ulikuambia mwenye muhuri amesafiri. Wa pili, wa daktari wa mifugo, ulikuambia muhuri upo ila wino umekauka. Wa tatu ulikuwa wa choo, na ufunguo wake alikuwa nao yule aliyesafiri. Watu wa vilimani walishazoea. Ukienda ofisini ulifunga viazi vya siku mbili kwenye kitambaa, ukawaaga wa nyumbani vizuri.

Kisha ikaja réforme, mageuzi ya serikali. Ilikuja na pikipiki mbili na tablette moja. Milango miwili ikapigiliwa misumari, ukabaki mmoja, nao ukaitwa guichet unique, yaani dirisha moja la mambo yote: kuzaliwa, kufa, kuoana, chanjo za ng'ombe, ruhusa za makaa. Ukutani pakaandikwa kwa rangi nyekundu: HARAKA HARAKA INA BARAKA. Fundi wa rangi aliuliza mara mbili kama hawajasahau kitu, akaambiwa afanye kazi yake.

Siku ya tatu ya juma, asubuhi, Semana alishuka kutoka kilima chake juu ya Mushaki, akiwa na barua ya shule mfukoni na mambo mawili kichwani. La kwanza lilikuwa la binti yake Murekatete, wa mwaka wa sita wa humanités, yaani sekondari. Alitakiwa kupeleka cheti cha kuzaliwa kwa préfet, mkuu wa shule, kabla ya siku ya tano jioni, la sivyo asingeandikishwa kwenye Examen d'État, mtihani wa kumaliza shule, na mwaka mzima ungekwenda bure. Cheti cha zamani kilipotea siku zile walizokimbia vita, kama vyeti vya nusu ya kilima. La pili lilikuwa la Gaju, ng'ombe wao, aliyehitaji karatasi ya afya ili ashuke Sake kwa mnunuzi, pesa zilipie malazi ya Murekatete wakati wa mtihani. Hilo la pili Semana alikuwa amelikawiza wiki tatu, maana alimpenda Gaju. Alimpenda wazi, mbele za watu, na mkewe Vénantie alishaacha kuona wivu.

Kwenye kijito alivua viatu, akavuka juu ya gogo. Hapo palikuwa na daraja, mvua ikalibeba. Murekatete alikuwa ameandika barua saba za kuomba daraja jingine, akazipeleka mwenyewe hadi ofisini, na mpaka leo hakuna aliyemjibu hata kumwambia hapana.

Nyuma ya meza ya guichet alikaa Nestor, mwanaume mpole wa Itebero, msituni Walikale, aliyehamishiwa huku na réforme. Wanyama wa mwituni aliwajua wote kwa nyayo. Ng'ombe alikuwa amemwona kwa karibu mara tatu, na mara mbili kati ya hizo ilikuwa kwenye sahani. Pembeni yake palikuwa na saa ya kengele. Kila dossier, yaani faili, ilitakiwa kuisha kabla haijalia, na ililia kila baada ya dakika saba.

"Dossier ngapi, Papa?"

"Mbili. Moja ya mutoto, moja ya ngombe."

"Muzuri. Tuanze na ya kwanza. Jina?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nestor alisema ya kwanza akimaanisha mtoto. Semana, ambaye alikuwa amekuja njia nzima akifikiria namna atakavyoachana na ng'ombe wake, alisikia ile iliyokuwa ya kwanza moyoni.

"Gaju," alisema, akapangusa jicho.

"Jina ya muzuri. Mwanamuke?"

"Mwanamuke kabisa."

"Mama yake?"

"Bihogo. Alishakufa. Alikuwa na roho ya muzuri, hakupiga muntu ata siku moja."

"Pole, Papa." Nestor aliandika: mama, marehemu. "Kuko alama kwa mwili?"

"Iko na doa nyeupe hapa." Semana aligusa paji lake la uso. "Na macho. Ukimuita, anageuka pole pole, anakuangalia mpaka unasahau ulimuitia nini."

Nestor aliacha kuandika. Alikuwa na binti yake kule Itebero, miezi mitano hajamwona. Mwaka wa kuzaliwa aliunakili kutoka barua ya shule aliyosogezewa, bila kuangalia jina, akabonyeza, karatasi ikatoka. Kengele ilikuwa bado.

"Ya pili?"

"Ya pili ni Murekatete."

"Chanjo?"

"Zote alipata."

"Anakula?"

"Anakula kuliko wote kwa nyumba," alisema Semana, akili yake ikiwa bado kwa Gaju. "Na kazi anaikimbia."

"Anaenda wapi?"

"Goma. Na Mungu akipenda, mbali zaidi."

Nestor alishangaa kidogo kusikia Mungu akitajwa kwenye mambo ya nyama, lakini alishaambiwa kwamba watu wa huku Masisi na mifugo yao usiingilie. "Siye kwetu hatuipatie nyama jina," alisema huku akigonga muhuri. "Ukiipatia jina, utaikula namna gani?"

"Kila kwao na desturi yake," alijibu Semana, bila kuelewa hata kidogo.

Kengele ikalia. Dossier mbili, dakika saba. Semana alitoka nje akasimama uwanjani na karatasi zake mbili, hajui hata aende wapi, maana jua lilikuwa bado la asubuhi na viazi vyake hajavigusa. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiisifu serikali kwa kila aliyekutana naye, hata kwa waliokuwa na haraka.

Nyumbani alikaa kwenye kiti chake, akamwita Vénantie aache masufuria aje asikie. Semana alijua kusoma, ila Kifaransa cha ofisi alikuwa anamwachia Murekatete. Msichana alipokea karatasi ya kwanza, akaanza kuitafsiri kwa sauti ya shule, kisha sauti ikapungua.

"Tunashuhudia kwamba Gaju, wa kike, aliyezaliwa mwaka wa elfu mbili na saba, ni binti halali ya Semana na marehemu Bihogo."

Vénantie aliweka mwiko chini. "Binti ya Semana na nani?"

"Na Bihogo, mama."

"Ulizaa na Bihogo," Vénantie alimwambia mumewe. Hakuwa ameuliza.

"Soma ingine," alisema Semana. "Ingine njo ya kweli."

Murekatete alisoma ya pili kimya kwanza, kisha kwa sauti. "Murekatete, jike. Chanjo kamili. Hamu ya kula, nzuri sana. Kazi, anaikimbia. Anaruhusiwa kusafirishwa Goma na kuchinjwa ndani ya siku makumi tatu."

Vénantie alicheka kwanza. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akakumbuka siku ya tano ilikuwa kesho kutwa, kicheko kikaisha. Murekatete hakuwa amecheka hata mwanzo. Alikunja karatasi zote mbili vizuri, akazirudisha mkononi mwa baba yake.

"Papa, kwa Gaju ulisema macho," alisema. "Kwangu ulisema ninakula."

Akatoka nje. Semana alibaki na karatasi zake na aibu yake, hata chai aliyowekewa hakuiona. Angeulizwa juu ya huyo mtoto angesema mengi. Shida ni kwamba aliulizwa, akasema hayo.

Siku ya nne walishuka wote watatu, Vénantie mbele. Nestor alipomwona msichana mwenye barua ya shule mkononi, aliangalia tablette, akaangalia msichana, na kijasho kikamtoka.

"Huyu njo Murekatete?"

"Njo yeye," alisema Vénantie. "Unaona mapembe?"

"Mama, munisamee. Kwetu hakuna muntu analia juu ya ngombe."

"Rudisha basi. Badilisha majina, twende zetu."

Nestor alikuna kichwa, akaenda kumwita mkubwa wake. Madame Hélène, chef de bureau, alitoka akiwa na kalamu tatu nyweleni. Alikuwa mwanamke wa haki, ila wiki hiyo hakuwa na nafasi ya haki, kwa sababu wakaguzi wa réforme walikuwa wanakuja kesho yake kutoka mjini. Nyuma yake ukutani palikuwa na karatasi kubwa. Dossier: 212. Makosa: 0.

"Dossier ikifungwa, imefungwa," alisema. "Tukiifungua, tablette inaandika kosa, na kosa inafika mujini mbele yetu. Ofisi ya kwanza kwa territoire mzima, munataka tukuwe ya mwisho juu ya ngombe?"

"Kosa inapelekwa kwa guichet gani, Madame?" aliuliza Semana kwa adabu.

"Kosa haina guichet. Kuko kasha ya malalamiko. Inafunguliwa mwezi wa kumi na mbili."

"Mutoto anaandikishwa kesho."

"Sawa, lete preuve, ushahidi kama huyu si ngombe."

Watu waliokuwa kwenye foleni walisogea ili wasikose. Murekatete alisimama katikati yao na uniform yake iliyopigwa pasi kwa ajili ya siku hiyo. Akaeleza shida yake kwa Kifaransa kirefu, kilichonyooka, cha maneno ambayo hata Hélène alilazimika kuyafikiria mara ya pili. Mzee mmoja kwenye foleni alivua kofia.

"Muzuri sana," alisema Hélène, na alionekana kweli kuumia. "Lakini kuongea haiko kwa fomu."

Machozi yakamjaa msichana, akayazuia. Semana alitaka kusema kitu kikubwa cha baba, akakosa, akabaki anazungusha kofia yake. Ni Vénantie aliyevuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

"Papa Nestor, nisomee iyo fomu yote. Polepole. Ata mistari hamukujaza."

Kengele ililia, Nestor akaifunika na mkono. Alisoma: jina, jinsia, mama, baba, mwaka, alama. "Mapacha: ndiyo ao hapana. Pale hatukujaza."

"Mapasa ikikuwa ndiyo, inakuwa aje?"

"Inafungua dossier mupya ya wa pili. Mama ni ule ule, baba ule ule, mwaka ule ule."

"Na inaandika kosa?"

Nestor alifikiri. "Hapana. Inaandika dossier ingine."

Wote wakageukia karatasi ya ukutani. Hélène ndiye aliyeitazama kwa muda mrefu kuliko wote. Alichomoa kalamu moja nyweleni, akafuta 212 na kuandika 213, makosa yakabaki 0.

"Mukubwa nani?" aliuliza Nestor, vidole vikiwa tayari.

"Ule alitangulia kwa registre," alisema Hélène. "Sheria njo ile."

Kwa hiyo Gaju akaongezewa Gakuru, jina la pacha mkubwa, na Murekatete akaongezewa Gato, jina la mdogo wake. Kisha Nestor akasimama. Alikohoa. "Mama Vénantie, kuko neno moja. Mama yao inabaki marehemu Bihogo."

Vénantie alimtazama binti yake. Alikuwa amemzaa mtoto huyo siku mbili, mvua inanyesha, mkunga amelewa, na tangu siku ile hakukosa kumkumbusha kila alipokosea.

"Andika," alisema mwishowe. "Nilimuzaa mimi, Bihogo amuandikishe. Lakini Semana, weye, tutaonana nyumbani."

"Alama ya mwili?" aliuliza Nestor haraka.

Semana alisogea mpaka kifua kikagusa meza. Safari hii hakutaka haraka, na kengele ililia mara mbili akiwa bado anatafuta maneno. "Iko na macho ya mama yake," alisema.

"Ya marehemu?"

"Ya uyu amekaa hapa. Andika tena: aliandika barua saba ya daraja, hakuna ata moja ilijibiwa, na ya mwisho aliiandika muzuri kuliko ya kwanza. Andika kama nilijua, ila sikusemaka."

"Nafasi iko ya maneno tatu, Papa."

"Andika barua saba."

Murekatete aligeuka dirishani kufuta uso. Karatasi ilipotoka aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu chake na si mkononi mwa mtu. Gaju naye, kwa kuwa sasa alikuwa mtoto wa watu, hakuweza tena kupata ruhusa ya kuuzwa. Semana alisema anasikitika sana, na hakuna aliyemwamini.

Préfet wa shule, naye, alikuwa na karatasi yake ukutani. Réforme ilimtaka aandikishe wasichana kumi kwenye mtihani, na alikuwa na wanane. Alipoona cheti chenye neno mapacha hakuuliza kwa nini mmoja hakuwahi kuonekana darasani. Aliandika Murekatete, akaandika na Gaju, akamshukuru Mungu. Semana alifungua mdomo, Vénantie akamkanyaga mguu.

Mtihani ulipofika, shangazi Nyiramana wa Sake alimpokea msichana, akalala kwake juma zima, bila ng'ombe yeyote kuuzwa. Matokeo yalipotoka kilima kizima kilipanda juu kutafuta réseau ya simu. Murekatete alikuwa amepata asilimia sitini na nane. Semana alikimbia kilima chote akipiga kelele ya namba hiyo, hata kwa watu wasiojua ni namba ya nini. Chini ya jina la Murekatete kwenye orodha palikuwa na jingine: Gaju, hakufika.

Hapo ndipo serikali ilipopanda kilima kwa mara ya kwanza tangu Semana azaliwe. Ilipanda kwa miguu, katika umbo la dada mmoja aitwaye Chantal, wa kitengo cha kufuatilia wasichana wanaoacha shule, akiwa na tablette ndani ya mfuko wa plastiki na suruali iliyolowa mpaka magotini. Hakutaka kukaa, hakutaka maziwa.

"Papa Semana, uko na mapasa. Mumoja alifanya examen, alishinda. Mwingine iko wapi?"

"Iko kwa malisho," alisema Semana, kwa sababu ndipo alipokuwa.

"Mutoto wa mwaka wa sita munamutuma kwa malisho?"

"Anapenda."

"Wote munasema vile." Chantal alikuwa mkali kwa namna ya mtu anayejali, na Semana alisimama akisemwa kwenye uwanja wake mwenyewe, majirani wakiangalia juu ya ua. Aliambiwa yeye ni baba wa aina gani, anayempenda mtoto mmoja na kumwacha mwingine. Hilo la mwisho lilimgonga kweli, akainama. Alikuwa karibu kusema ukweli wote, ofisi ifungwe na cheti cha Murekatete kifutwe nayo, basi.

"Sababu," alisema Chantal akifungua tablette. "Iko ine. Ndoa, mimba, kazi ya nyumba, ao njia mubaya."

Vénantie alikuwa anakamua mlangoni pa zizi. Hakuinua hata kichwa. "Njia mubaya," alisema.

Semana alimtazama mkewe, akamtazama mgeni, akaelewa. Alipoanza kusema hakuwa na haja ya uongo hata mmoja. "Hawezi kupita kwa gogo, Mama. Kila asubuhi anafika pale kwa maji na siye. Anasimama. Anaangalia ngambo, anaangalia maji, anarudi. Miaka yake yote njo vile."

Chantal aliangalia suruali yake. Alipokuwa anapanda, gogo hilo hilo lilimtupa kijitoni mbele ya wanawake wanaofua. "Kwa nini hamukuandika?"

"Tuliandika barua saba."

"Barua haziko kwa système," alisema Chantal, na akabonyeza. "Mwanafunzi iko kwa système."

Mbao zilifika baada ya wiki moja. Baada ya wiki tatu daraja lilikuwa limesimama, lenye vyuma pembeni, pana kiasi cha kupitisha pikipiki mbili, na watu wa kilima walikwenda kulikanyaga mmoja mmoja kwa kuvizia kama bado ni mali ya mtu mwingine. Siku ya kulifungua Hélène alikuja na kalamu zake, Nestor alikuja akitazama chini, na Chantal alifunga ruban, utepe wa majani ya migomba, kutoka chuma hadi chuma. Kibao kilisema: DARAJA LA MWANAFUNZI GAJU.

Murekatete alikuwepo na sanduku lake, maana siku hiyo hiyo alikuwa anakwenda kuanza masomo Goma. Viatu alikuwa navyo miguuni.

"Na Gaju mwenyewe?" aliuliza Chantal, akitazama umati. "Nilitaka yeye njo akate ruban."

Hélène alichomoa kalamu, akairudisha. Nestor alianza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo. Semana, kwa kuwa hakujua kudanganya na leo hakutaka kujifunza, aligeukia malisho na kuita.

Gaju aligeuka polepole. Alishuka bila haraka katikati ya watu, wakampisha, akafika kwenye daraja na kuangalia ng'ambo. Akaangalia maji. Kisha akaanza kula ruban. Aliitafuna kutoka chuma hadi chuma, akaimaliza, akapanda juu ya mbao kwa kwato zake nne na kuvuka, na daraja halikutikisika.

Chantal alitazama doa jeupe usoni mwa ng'ombe, akatazama kibao, akamtazama chef de bureau, ambaye alikuwa anachunguza mawingu.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Semana alifungua mdomo, lakini Murekatete alimtangulia. Alipanda darajani na sanduku lake mpaka alipofika kwa Gaju, akaweka mkono shingoni mwake.

"Njo dada yangu mukubwa," alisema.

Chantal alitoa tablette kwenye plastiki. Aliishika muda mrefu, vidole juu. Kisha akatafuta jina, na mbele yake akabonyeza: amefika.